Tupime Kabla ya Kukaza: Funzo la Gitaa Lililokatika Ufito

Katika vyuo vyetu, na katika shule za msingi tunakowapeleka wanachuo kwa mazoezi ya kufundisha, upo utaratibu mmoja uliozoeleka kiasi kwamba hapana tena anayeuhoji. Kifaa kikiharibika mikononi mwa mwanafunzi, mwanafunzi huyo hulipa. Jina lake huandikwa, mzazi hupelekewa barua, kifaa hufungiwa stoo, na somo huendelea kwa ubao na chaki. Sisi wakufunzi tumeufuata utaratibu huu kwa miaka mingi, na twakiri kwamba tumeufuata bila kuufikiri. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kumlipisha mwanafunzi kabla ya kuchunguza ni ualimu mbaya. Ushahidi tutakaoutoa ni wa gitaa moja la umeme, ambalo ufito wake wa chuma ulikatika ndani ya shingo.

Huenda mwalimu-tarajali akauliza: gitaa la umeme lahusu nini jarida la mbinu za kufundishia? Lahusu sana. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika mwaka 2024, unataka mwanafunzi ajenge umahiri, yaani aweze kutenda, wala asiishie katika kukariri. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alikwisha kututaka jambo hilo hilo katika Elimu ya Kujitegemea. Lakini hapana mtu awezaye kutenda bila kugusa vifaa, na hapana kifaa kiguswacho kisichoharibika siku moja. Kwa hiyo namna mwalimu anavyoukabili uharibifu ni sehemu ya mbinu zake za kufundishia, sawasawa na andalio la somo au matumizi ya ubao.

Gitaa la chuo

Chuo chetu kiko mkoani Shinyanga. Gitaa tunalolizungumzia ni la nyuzi sita, na lilinunuliwa kuukuu kutoka kwa kwaya moja ya kanisa. Lilitumika katika vipindi vya muziki, katika ibada za wanachuo, na katika mahafali. Kama yalivyo magitaa mengi ya nchi hii, halikuwa na mwenyewe mmoja. Tangu enzi za bendi za taasisi, kama NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, mara nyingi vyombo vya muziki vimekuwa mali ya shirika wala si mali ya mpigaji. Mpigaji huja na kuondoka, chombo hubaki. Chombo cha namna hiyo hupita katika mikono mingi, na kila mkono huacha alama ambayo mkono unaofuata hauijui.

Mwezi Machi, mvua zikiwa zingali zinanyesha na mbao zikiwa zimenywa unyevu, nyuzi za gitaa hilo zilikuwa zimeinuka mbali na ubao unaobonyezwa vidole, hata mpigaji akawa anaumia kwa kuzibonyeza. Mwanachuo mmoja wa mwaka wa kwanza, aliyekuwa akipiga gitaa kanisani kwao, alituomba ruhusa ya kulirekebisha. Tulimpa ruhusa, na tukampa ule ufunguo wa pembe sita ambao mafundi huuita alenki. Tulimwambia, "Kaza kidogo." Hatukumwambia kidogo ni kiasi gani. Alikaza mara ya kwanza, akakaza mara ya pili. Kikasikika kishindo kama cha kijiti kikavu kinachovunjwa, na nati ikaanza kuzunguka bure.

Kesho yake kamati ya mali za chuo ilikutana. Iliandikwa barua ya kumtaka mwanachuo alipe thamani ya gitaa zima, nasi tulikuwa miongoni mwa waliotia sahihi. Mwanachuo hakubisha. Lakini tangu siku ile hakugusa tena chombo chochote katika chumba cha ufundi. Alipotakiwa kushika msumeno, alisema mkono unamuuma. Alipotakiwa kuunga balbu katika somo la umeme, alimwachia mwenzake. Tuliyaona hayo, tukanyamaza.

Kazi ya ufito

Ili tuelewe kilichotokea, na tuanze na kitu kinachojulikana, kama mwalimu yeyote anavyopaswa kuanza. Wasukuma na Wanyamwezi wana ala iitwayo ndono: upinde wenye uzi mmoja, uliofungwa kibuyu cha kuikuza sauti. Mti wa ndono umepindishwa makusudi, na hapana anayelalamika kwamba umepinda. Shingo ya gitaa ni kinyume chake. Hiyo hutakiwa ikae karibu kunyooka, kwa sababu freti zimepangwa juu yake, na uzi sharti upite karibu na kila freti pasipo kuigusa mpaka ubonyezwe. Lakini nyuzi sita za chuma za gitaa la umeme, zikisha kutiwa sauti, huivuta shingo kwa nguvu ya jumla inayokaribia uzito wa kilo 45, yaani pungufu kidogo ya mfuko wa saruji wa kilo 50. Ubao mwembamba ukivutwa hivyo usiku na mchana, mwisho wake ni kujikunja kama ndono.

Ndiyo maana ndani ya shingo, chini ya ule ubao wa kubonyezea vidole, huchimbwa mfereji, na ndani ya mfereji hulazwa ufito wa chuma. Katika gitaa kama la kwetu, mwisho mmoja wa ufito umeshikizwa imara, na mwisho wa pili una thredi na nati. Nati ikikazwa, ufito huivuta shingo kuirudisha nyuma, kinyume cha mvuto wa nyuzi. Ikilegezwa, nyuzi hupata nafasi ya kuivuta mbele. Ufito wa namna hii, unaoweza kukazwa na kulegezwa, ulipewa hataza mwaka 1923 kwa jina la Thaddeus McHugh, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Gibson huko Marekani. Magitaa ya nyuzi za nailoni aghalabu hayana ufito wa kukazwa, kwa kuwa nyuzi zake huvuta kwa nguvu ndogo zaidi.

Watoto wa Shinyanga hawahitaji kuambiwa mengi juu ya mizani hiyo ya mivuto, maana wamekulia juu ya baiskeli. Ringi ya baiskeli hukaa sawa kwa sababu spoki za kulia na za kushoto zinavutana kwa kiasi. Fundi baiskeli hakazi spoki moja mpaka mwisho. Hukaza robo mzunguko, huzungusha gurudumu, hutazama linapoyumba, ndipo akakaza tena. Tulikuwa tumemwona fundi huyo mara nyingi pembeni mwa barabara. Hatukutambua kwamba alikuwa akifundisha.

Isitoshe, mzingo wa shingo hupimika, na kipimo chenyewe kimo ndani ya uwezo wa shule yoyote. Gitaa likiwa limetiwa sauti, bonyeza uzi mnene katika freti ya kwanza, na mwenzako aubonyeze katika freti iliyo mahali shingo inapoungana na mwili. Uzi uliobonyezwa hivyo umekuwa rula iliyonyooka. Tazama sasa nafasi iliyopo kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Kwa magitaa mengi ya umeme nafasi hiyo hufaa iwe kama milimita 0.2 hadi 0.3. Bunda la karatasi 500 za kuandikia lina unene wa karibu milimita 50. Gawanya 50 kwa 500, utapata milimita 0.1 kwa karatasi moja. Basi karatasi mbili au tatu zikipita katika nafasi hiyo pasipo kuusukuma uzi, shingo iko sawa. Hilo ni somo la Hisabati, na twasikitika kwamba tulilijua baada ya hasara.

Kwa fundi wa Geita

Tulielekezwa kwa fundi mmoja aliyeko Geita. Tulipita Mwanza, tukavuka daraja jipya la kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025 mahali tulipokuwa tukingoja kivuko, tukashika njia ya Sengerema. Geita, iliyofanywa mkoa mwaka 2012, ni nchi ya dhahabu. Mgodi wake mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000, na kuuzunguka wako wachimbaji wadogo wengi wenye maduara yao. Mchana karakana ya fundi huyu hutengeneza karasha za kusagia mawe, na kazi yake kubwa ni kuondoa bolti zilizokatika na kukata thredi mpya. Jioni hutengeneza magitaa ya kwaya na ya bendi. Tulikuja kuelewa kwamba kazi hizo mbili ni moja, kwa kuwa chuma kilichokazwa kupita kiasi kina tabia ile ile, kiwe katika karasha au katika gitaa.

Tulimwamkia, "Mwangaluka, mzee." Naye akaitika, "Mwangaluka, mwalimu." Tulipomweka gitaa mezani hakuuliza nani alilivunja. Aliuliza, "Lilianza lini kukataa?" Hatukuwa na jibu.

Alizilegeza nyuzi na kuziondoa, akafungua kifuniko kidogo kilichoko kichwani mwa gitaa, akaitoa nati. Ndani ya nati mlikuwa na kipande cha ufito. Alikipeleka mlangoni penye mwanga, akakitazama kwa kioo cha kukuza, kisha akatuita tutazame. Sehemu kubwa ya uso wa mkatiko, kama theluthi mbili, ilikuwa nyeusi yenye kutu. Theluthi iliyobaki ilikuwa ikimetameta kama chuma kipya.

"Mwalimu," alisema, "hii haikufa siku moja. Hapa penye weusi ni ufa wa zamani. Hapa penye kung'aa ndipo alipomalizia huyo wa mwisho."

Alitueleza kwamba ufito hukatika aghalabu pale thredi inapoishia, kwa kuwa hapo chuma kimepunguzwa unene. Akaongeza mfano wa kazi ya huko. "Timba la duara halivunjiki ghafla. Hulia kwanza. Ukilisikia likilia nawe ukaendelea kuchimba, usimlaumu mtu aliyekuwa chini siku lilipoanguka."

Tulitafuta katika kumbukumbu zetu. Kwa majira manne ya mvua mfululizo, kila nyuzi zilipoinuka, mkufunzi mmoja kati yetu alikuwa akiikaza nati. Kiangazi kilipofika na ubao ukakauka, hapana aliyekumbuka kuilegeza. Hapana aliyepima, na hapana aliyeandika. Hatuwezi kusema ni mzunguko upi uliotia ufa, lakini twajua mikono iliyokaza katika majira hayo ilikuwa yetu. Mwanachuo tuliyemwandikia barua alikishika chuma kilichokuwa kimebakiwa na theluthi moja ya nguvu zake, tena alikishika kwa ruhusa yetu.

Njia nne za kutengeneza

Fundi hakuanza kazi papo hapo. Alituwekea mbele njia nne na sababu za kila moja. Tunazieleza hapa kwa kuwa namna alivyochagua ni mfano mwema wa kufikiri kwa mpango.

Njia ya kwanza ni kuliacha gitaa lilivyo, kulifunga nyuzi nyembamba zaidi na kuzitia sauti ya chini, ili mvuto upungue. Njia hii haina gharama kubwa, lakini shingo hubaki bila msaada.

Njia ya pili ni kubadili shingo nzima. Hii huwezekana kwa urahisi kwa magitaa ambayo shingo yake imefungwa kwa skrubu, mradi ipatikane shingo yenye vipimo vile vile. Shingo ya gitaa letu ilikuwa imegandishwa kwa gundi, kwa hiyo njia hii haikufaa.

Njia ya tatu ni kuubandua ubao wa vidole kwa joto la pasi na kisu chembamba, kuutoa ufito mzima, kuweka mpya, na kuugandisha ubao tena. Hapana budi kufanya hivyo ikiwa ufito umekatika mbali ndani ya shingo. Kazi hiyo ni ya siku kadhaa, na mkono ukikosea hupasua mbao na kuharibu mpangilio wa freti.

Njia ya nne ni ya kuokoa kilichobaki. Ikiwa ufito umekatika karibu na nati, mbao kidogo zinazouzunguka mwisho wake huondolewa, ukaonekana ufito mzima usio na thredi, kisha thredi mpya hukatwa juu yake. Hii ndiyo aliyoichagua, kwa sababu ufito wetu ulikuwa umekatika mdomoni mwa mfereji.

Alichukua kibomba chembamba cha chuma, akakichonga meno kwa tupa, akakifunga katika drili na kukizungusha polepole kuuzunguka ufito, mpaka ikapatikana nafasi ya kama sentimita moja na nusu. Akauthibitisha ufito kwa kioo kwamba hauna ufa mwingine. Akakata thredi kwa dai, nusu mzunguko mbele na robo nyuma, ili vumbi la chuma lisizibe. Akaweka kipande cha bomba kuwa washa ndefu ya kujaza nafasi iliyochimbwa, akatia tone la grisi, ndipo akaweka nati mpya.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyotufunza zaidi. Kabla ya kuikaza nati, aliifunga shingo kwa klempu juu ya chuma kilichonyooka, akairudisha nyuma kidogo kwa klempu hizo. Shingo ilipokuwa imekwisha kufika mahali pake, aliikaza nati mpaka ikashika, basi. "Klempu ndiyo ivute," alisema. "Nati kazi yake ni kushika. Ukiilazimisha nati ivute peke yake shingo iliyokwisha kupinda, utarudi kwangu." Baadaye alifunga nyuzi, akazitia sauti, akaliacha gitaa usiku kucha. Asubuhi alipima kwa karatasi, akakaza robo mzunguko, akangoja, akapima tena. Malipo yake hayakufika robo ya fedha ambayo mwanachuo alitakiwa kulipa.

Hoja za wanaopinga

Tuliporudi chuoni na kueleza haya, wenzetu walitoa hoja tatu ambazo si za kupuuzwa.

Hoja ya kwanza ni kwamba mali ya umma lazima ilindwe. Mwanafunzi asipolipa, walisema, wengine watajifunza uzembe. Twakubali kwamba mali ya umma lazima ilindwe, na twakubali kwamba anayeharibu kwa makusudi au kwa dharau sharti awajibike. Lakini kutojua ni kitu kingine, na uchakavu ni kitu kingine tena. Mambo haya matatu hayatofautishwi kwa kutazama ni nani aliyekuwa amekishika kifaa kilipovunjika. Hutofautishwa kwa kukitazama kifaa chenyewe. Adhabu inayotangulia uchunguzi hailindi mali. Laiti fundi asingetuonyesha ule weusi, tungalinunua gitaa jingine kwa fedha za mwanachuo, na tungaliendelea kulikaza vile vile mpaka nalo likatike.

Hoja ya pili ni ya muda. Madarasa ni makubwa, vipindi ni vifupi, na mtihani wangoja. Kuna ukweli hapa, na yeyote aliyefundisha katika shule zetu anaujua. Hata hivyo hatupendekezi kila shule iwe na karakana. Nati moja iliyokatika, ikiwekwa juu ya karatasi nyeupe na kupitishwa darasani, yatosha kwa kipindi kizima cha Sayansi. Penye shule isiyo na gitaa, baiskeli ya mwalimu iko, jembe lililolegea mpini liko, na dawati lililovunjika mguu liko. Kila kimoja kati ya hivyo kina sababu ya kuvunjika, na sababu hiyo yaweza kutafutwa na mtoto wa darasa la nne.

Hoja ya tatu ni ya usalama. Uzi wa chuma uliokazwa ukikatika hurusha ncha kali, na gitaa la umeme huungwa na kikuza sauti. Hoja hii ni nzito kuliko zote. Jibu lake ni kufundisha utaratibu: umeme uondolewe kwanza, nyuzi zilegezwe kabla ya kufungua kitu, uso usiinamishwe juu ya uzi unaokazwa, na watoto watazame wakati mtu mzima mwenye ujuzi anapotumia drili au joto. Mtoto aliyekatazwa kugusa kila kitu shuleni atakwenda kugusa kitu hicho hicho nyumbani, ambako hapana wa kumwelekeza. Na huku kwetu, katika nchi ya maduara na karasha, wengi wa watoto tunaowafundisha watakutana na chuma chenye mzigo mapema kuliko tunavyopenda.

Mapendekezo

Kwa hiyo tunatoa rai nne kwa ninyi mtakaokwenda kufundisha.

1. Kila kifaa cha thamani kiwe na daftari lake. Ndani yake iandikwe tarehe, kilichorekebishwa, kiasi, na jina la aliyerekebisha. Lau gitaa letu lingalikuwa na daftari, mtu angaliona kwamba nati imekazwa miaka minne bila kulegezwa hata mara moja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba ufa usioandikwa hapana atakayeukumbuka.

2. Agizo la mwalimu liwe na kipimo. "Kaza kidogo" si agizo. "Kaza robo mzunguko, kisha upime kwa karatasi" ni agizo. Kabla hamjamlaumu mwanafunzi kwa kukosea, yatazameni maneno mliyomwambia.

3. Kifaa kikivunjika, kifunguliwe mbele ya darasa kabla ya kufungiwa stoo. Wanafunzi waulizwe: kimevunjikia wapi? Kwa nini hapo wala si mahali pengine? Kilikuwa kikifanya kazi gani? Dalili zipi zilitangulia? Adhabu, kama ipo, ingoje majibu.

4. Fundi wa mtaani aalikwe shuleni. Fundi baiskeli, fundi wa karasha, na seremala wanajua namna ya kuchunguza ambayo vitabu vyetu havikuiandika. Kuwaita si kupunguza heshima ya mwalimu. Sisi tulikwenda Geita tukidhani tunapeleka gitaa, tukajikuta tumeketi mbele ya mtu anayefundisha vizuri kuliko sisi.

Baada ya barua

Barua ile ilifutwa, na gharama ya fundi tuliilipa sisi tuliokuwa tukiikaza nati. Tulisimama mbele ya darasa la mwaka wa kwanza, tukaeleza jinsi ufa ulivyoanza, tukapitisha kile kipande cha chuma kutoka dawati hadi dawati. Tulimwomba radhi mwanachuo mbele ya wenzake, kwa kuwa tulimshtaki mbele ya wenzake. Kisha tulimnyoshea ile alenki. Hakuipokea. Alisema, "Ahsante, mwalimu, labda siku nyingine." Tuliirudisha mezani wala hatukumlazimisha, maana tulikuwa tumekwisha kujifunza kitu juu ya kulazimisha.

Ilipita karibu miezi miwili. Siku moja ya mwezi Juni, mvua zikiwa zimekwisha na upepo wa kiangazi umeanza, alikuja chumba cha muziki peke yake, akaomba alenki na karatasi. Alikaa na gitaa magotini, akamwomba mwenzake abonyeze uzi upande wa pili, akapitisha karatasi moja, kisha ya pili. Akajaribu ya tatu, ikagusa uzi. Alituangalia, akatuambia kwamba shingo iko sawa na haihitaji kukazwa wala kulegezwa. Aliirudisha alenki mezani bila kuitumia.

Daftarini aliandika mwenyewe: tarehe, karatasi mbili, nati haikuguswa. Tulitia sahihi chini ya jina lake.